Wazee Wabadilishane Ukili na Viraka



Mtu akizeeka, watu humwambia apumzike. Maneno haya husemwa kwa nia njema. Kijana humpokea baba yake mzigo. Binti humwambia mama yake aache jembe. Hiyo ni heshima, na heshima kwa wazee ni jambo jema.

Lakini kupumzika si kukaa bure. Jembe ni zito kwa mzee, sindano si nzito. Mtungi wa maji ni mzito, chane za ukindu si nzito. Mzee anayepumzisha mgongo wake anaweza kuendelea kutumia mikono yake na akili yake.

Maoni yangu ni haya. Katika kila kijiji, wazee waliokwisha kuacha kazi nzito wawe na siku yao ya kukutana. Siku hiyo wasuke, washone, na wabadilishane kazi zao. Wasifanye kazi hiyo kwa ajili ya soko tu. Waifanye kwanza kwa ajili ya furaha yao, urafiki wao, na watoto watakaobaki nyuma yao. Nitaeleza sababu zangu, kisha nitaeleza namna ya kufanya.

KUKAA BURE KUNACHOSHA

Katika Tanzania, watumishi wengi wa serikali hustaafu kwa lazima wakifika miaka 60. Mtu anaweza pia kustaafu kwa hiari akifika miaka 55. Mkulima hana tarehe ya kustaafu. Yeye huacha shamba siku mgongo unapokataa.

Fikiria mtumishi aliyerudi kijijini baada ya kufanya kazi mjini miaka 30. Rafiki zake wa kazi wamebaki mbali. Watu aliocheza nao utotoni wengine wamekufa, na wengine hawamjui tena. Asubuhi anaamka saa kumi na mbili kama alivyozoea. Anavaa, anakunywa chai. Kisha hana pa kwenda. Anakaa barazani na kutazama njia.

Fikiria pia bibi mjane. Watoto wake wamekwenda mjini. Wanamtumia fedha kwa simu kila mwezi, na hilo ni jambo zuri. Lakini fedha hazizungumzi naye. Kutwa hana wa kumwambia habari.

Watu hawa wawili hawana njaa ya chakula. Wana njaa ya watu. Kuwaambia wapumzike hakutawasaidia, kwa sababu kupumzika ndiko kunakowachosha. Wanahitaji mahali pa kwenda, kazi ya kushika, na mtu wa kuwauliza, "Jana mbona hukuja?"

UFUNDI TUNAO

Hatuhitaji kununua ufundi huu kutoka mbali. Upo kwetu tangu zamani.

Watu wa pwani na wa mabondeni husuka ukili kwa ukindu au kwa miyaa. Ukindu ni majani ya mkindu. Miyaa ni majani ya mkoma. Fundi huchukua makuti machanga ambayo bado hayajafunguka. Huyaanika, halafu huyachana yawe chane nyembamba. Akitaka rangi, huzichemsha chane katika maji yenye rangi. Kisha husuka ukanda mrefu. Ukanda huo ndio ukili. Ukili hushonwa ukawa mkeka, msala, au kikapu.

Mahali pengine watu husokota katani na kusuka vyondo. Wengine hufuma vitambaa vya meza na viti. Unguja na Lamu watu hushona kofia kwa mkono, tundu moja moja. Na karibu kila nyumba kuna mtu anayejua kuunga viraka vya kanga na vitenge.

Kazi hizi zina faida moja kubwa kwa mzee. Zinaachika na kurudiwa. Ukichoka, unaweka chini. Ukipata nguvu, unaendelea pale ulipoishia. Tena mdomo unabaki huru. Mtu anaweza kusuka huku anazungumza, anacheka, na kutoa hadithi kwa wajukuu.

NAMNA YA KUBADILISHANA UKILI

Tuseme kijiji kina wazee 9 wanaojua kusuka. Kila mmoja ana nakshi yake anayoipenda. Basi wakubaliane hivi.

Kila mzee asuke vipande 9 vya ukili, vyote kwa nakshi yake. Kila kipande kiwe na upana wa sentimita 10 na urefu wa meta 2. Siku ya kukutana, kila mtu abaki na kipande kimoja cha kwake, na vipande 8 awagawie wenzake. Nao watampa vya kwao. Hivyo kila mtu atarudi nyumbani na vipande 9 vya nakshi 9. Akivishona pamoja, atapata mkeka wenye upana wa sentimita 90 na urefu wa meta 2. Huo ni mkeka wa kulalia mtu mmoja.

Yapo mambo manne ya kuangalia.

Kwanza, msipime kwa shibiri. Mikono ya watu haifanani. Kateni kijiti kimoja cha kipimo, na kila mtu apime kwa kijiti hicho.

Pili, chane hunyunyiziwa maji ili zisikatike wakati wa kusuka. Ukili ukikauka hupungua. Kwa hiyo pimeni ukili mkavu, siyo mbichi.

Tatu, pindeni ncha za kila kipande na kuzishona, la sivyo zitafumuka.

Nne, msikate makuti yote machanga ya mkindu mmoja. Ukiumaliza moyo wa mti, mwakani hutapata kitu.

Je, mmoja akileta kipande kilicholegea? Msimcheke. Kaeni naye, kifumueni, na msuke tena pamoja. Huenda macho yake yamepungua nguvu. Mpeni nafasi yenye mwanga na chane pana zaidi. Je, mmoja akiugua? Wenzake wamsaidie sehemu yake. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Sasa tazama lililofanyika. Hakuna aliyetoa fedha. Kila mmoja alijua nakshi moja, na sasa ana nakshi 9 nyumbani kwake. Anaweza kuzitazama, kuzihesabu chane zake, na kujifunza kuzisuka. Zamani mafundi wengine walificha ufundi wao, na walipokufa walikwenda nao. Katika kubadilishana, ufundi haufichiki. Mzee akifariki, ukili wake unabaki katika mikeka minane ya rafiki zake.

NAMNA YA KUBADILISHANA VIRAKA

Mahali pasipo na mikindu, wazee wanaweza kubadilishana viraka na kushona mfarishi. Mfarishi ni kitu cha kujifunika au kutandika, kilichoshonwa kwa tabaka za nguo.

Hesabu yake ni kama ile ya ukili. Kila mzee achukue kanga moja kuukuu ambayo bado ina nguvu. Akate vipande 9 vya mraba, kila upande sentimita 32. Abaki na kimoja, na 8 awape wenzake. Sentimita moja ya kila upande italiwa na mshono. Kwa hiyo kila kiraka kitabaki na sentimita 30. Panga viraka vitatu kwa vitatu. Utapata kitambaa cha sentimita 90 kwa 90. Chini yake weka kipande cha blanketi kuukuu, na chini kabisa weka shuka. Pitisha sindano katika tabaka zote tatu, mstari baada ya mstari. Hapo umepata mfarishi wa mtoto mchanga.

Mzee hachagui kanga hivi hivi. Kanga ina jina lake, na ina siku yake. Hii niliivaa harusini. Hii nilimbebea mwanangu wa kwanza. Hii aliniachia dada yangu marehemu. Kanga nzima ikichakaa, kwa kawaida huwa tambara la jikoni. Ikikatwa viraka na kugawiwa marafiki, inaendelea kuishi. Mjukuu atalala juu yake, na bibi atamwonyesha kiraka kimoja kimoja na kumwambia kilitoka kwa nani.

WENZETU WA MBALI

Jambo hili si la Afrika peke yake. Huko Marekani, katika miaka ya 1840, wanawake wengi walishona mifarishi ya urafiki. Rafiki au jirani alipohamia mbali, kila mwenzake alishona kiraka kimoja na kuandika jina lake juu yake. Viraka viliunganishwa, na msafiri akaondoka na majina ya rafiki zake wote. Mpaka leo wako wastaafu wa nchi hiyo wanaobadilishana viraka. Wanaokaa mbali hupelekeana kwa posta.

Katika nchi hiyo hiyo, jimbo la Alabama, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend. Watu wake ni wajukuu wa Waafrika waliofanywa watumwa. Walikuwa maskini sana, na nyumba zao za mbao zilipitisha baridi. Wanawake walichukua nguo za kazi zilizochakaa wakashona mifarishi ili watoto wasiugue. Mara nyingi mwanamke aliunga viraka peke yake, kisha wenzake walikuja kumsaidia kushona tabaka pamoja, huku wakizungumza na kuimba.

Mwaka 1966 wanawake wa sehemu hizo walianzisha ushirika wa kuuza mifarishi, ulioitwa Freedom Quilting Bee. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Houston na New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilichapisha picha za mifarishi hiyo kwenye stempu.

Angalieni mpango wa mambo hayo. Mifarishi ilianza kwa kuwafunika watoto na kuwakutanisha majirani. Soko lilikuja baadaye. Sifa ilikuja baadaye zaidi. Kama wanawake wale wangengoja soko kwanza, wasingeshona hata mfarishi mmoja.

WANAOSEMA HAINA FAIDA

Wako watu wanaopinga maneno haya. Yafaa tuwasikilize na kuwajibu.

Wengine husema, "Mkono mtupu haulambwi. Mzee akisuka auze. Kubadilishana hakuleti fedha." Ni kweli kwamba wazee wengi wanahitaji fedha. Mimi sisemi wasiuze. Nasema mkeka wa kwanza ubaki nyumbani, na wa pili upelekwe sokoni. Mzee anayesuka kwa ajili ya mnunuzi tu huwa mfanyakazi tena. Mnunuzi humharakisha na kumpunja. Naye husuka nakshi ile ile rahisi, kwa sababu ndiyo inayokwisha upesi. Ufundi wake hushuka. Lakini mzee anayesuka kwa ajili ya rafiki yake hutaka kumpa kilicho bora. Tena kikundi kikizoea kupima na kukagua kazi pamoja, siku ya kuuza kitauza vitu vizuri, na kitakubaliana bei moja. Mnunuzi hataweza kumpunja mmoja mmoja.

Wengine husema, "Siku hizi kuna mikeka ya plastiki. Ni ya bei nafuu, na inafulika." Hayo ni kweli. Mkeka wa plastiki una kazi yake. Lakini ukipasuka, nani kijijini anajua kuusuka upya? Tukumbuke pia habari ya mifuko. Kwa miaka mingi watu waliacha vikapu wakabeba mifuko ya plastiki. Tarehe 1 Juni 2019, Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko hiyo. Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2017. Mara watu wakahitaji tena kitu cha kubebea. Kijiji chenye wasusi kilikuwa na cha kupeleka sokoni. Kijiji ambacho ufundi ulikuwa umekufa kilibaki mtazamaji. Kuua ufundi ni rahisi. Kuufufua wakati mwalimu amekwisha kuzikwa ni kazi ngumu.

Wengine, hasa watoto wetu walioko mijini, husema, "Mama, utatuaibisha. Watu watasema hatukutunzi, ndiyo maana unasuka mikeka." Kwa hawa nina neno moja. Aibu ni mama kukaa peke yake kutwa. Mama anayekaa na wenzake chini ya mwembe, akicheka na kusuka, ni mama aliyetunzwa. Mkija likizo, msimnyang'anye ukili wake. Mleteeni sindano nzuri, miwani, na rangi.

WANAUME NAO

Mara nyingi watu husema kusuka na kushona ni kazi ya wanawake. Sikubali. Nani hushona nyavu za samaki? Nani husuka madema na matenga? Nani husokota kamba za katani? Wengi ni wanaume. Fundi cherehani wa sokoni naye mara nyingi ni mwanamume. Sindano haiulizi inashikwa na nani.

Mzee mwanamume aliyestaafu anahitaji kikundi kuliko anavyokiri. Mwanamke huwa na jirani wa kuombana naye chumvi. Mwanamume aliyezoea ofisi au kiwanda, akikosa kazi, hukosa pia maneno ya kuanzia. Mpeni kamba asokote au sindano ya nyavu, na maneno yatakuja yenyewe. Kama hajui kusuka, na akate vijiti vya vipimo, apige hesabu za kikundi, au ajifunze. Hakuna umri wa kukataa kujifunza. Ninyi mnaosoma kitabu hiki mmelithibitisha jambo hilo.

KALAMU ISAIDIE SINDANO

Hapa wanakisomo wana kazi maalum. Kikundi kiwe na daftari moja. Kila mnapokutana, mwenye mkono mzuri wa kuandika aandike mambo matano: tarehe, jina la fundi, jina la nakshi, idadi ya chane, na nani alimfundisha nakshi hiyo. Hilo la mwisho msilisahau. Mtaona nakshi imetoka kwa bibi, na bibi aliipata kwa shangazi yake, na shangazi aliolewa kutoka kijiji kingine. Daftari litakuwa historia ya kijiji, na hakuna mtu mwingine atakayewaandikia historia hiyo.

Jambo la pili, kila mtu aandike jina lake kwenye kiraka chake. Andika kwanza kwa penseli, kwa herufi kubwa. Kisha fuata mistari kwa sindano na uzi wa rangi. Wako wazee ambao kwa miaka 60 walitia sahihi kwa dole gumba. Sasa wamejua kuandika majina yao. Daftari la darasa huliwa na mchwa. Jina lililoshonwa kwa uzi kwenye mfarishi wa mjukuu litasomwa na mjukuu huyo atakapoanza shule.

TUANZE

Basi, ndugu zangu, msingoje mradi wala mfadhili. Jambo hili halihitaji jengo. Linahitaji kivuli, siku moja ya wiki, kijiti cha kipimo, na watu wawili walio tayari. Wawili wakianza, wa tatu atakuja kutazama. Akija kutazama, mpeni chane.

Anzeni na kitu kidogo, kama kawa la kufunikia chakula au kiraka kimoja. Haba na haba hujaza kibaba. Kaeni mahali ambapo migongo inaweza kuegemea. Simameni mara kwa mara mnyooshe miguu. Mkitumia rangi, nawisheni mikono kabla ya kula, na watoto wadogo wakae mbali na sufuria ya rangi.

Vijana, msiwaachie wazee peke yao. Nendeni mkakate ukindu na kuwaletea. Kaeni kidogo, mjifunze hata nakshi moja. Wazee wametufanyia kazi kwa miaka mingi. Sasa wakati wao wa kupumzika umefika. Tusiwape mapumziko ya upweke. Tuwape mapumziko yenye watu ndani yake.

Kutoa ni moyo, si utajiri. Mzee asiye na shilingi ana kipande cha ukili cha kumpa mwenzake. Na mtu mwenye kitu cha kutoa bado ni mtu wa maana katika kijiji chake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika kijiji chenu ni wazee wangapi wanaojua kusuka au kushona? Taja nakshi wanazozijua.

2. Mwandishi anasema mkeka wa kwanza ubaki nyumbani na wa pili uende sokoni. Je, unakubali? Toa sababu.

3. Kikundi kina wazee 6. Kila mmoja anasuka vipande 6 vyenye upana wa sentimita 15. Mkeka wa kila mmoja utakuwa na upana gani?

4. Chagua kanga moja ya zamani uliyo nayo. Andika sentensi tano kueleza ilitoka wapi na uliivaa siku gani.